Udongo Wenye Sumu Husafishwaje?

Udongo hutofautiana na hewa na maji kwa jambo moja ambalo sheria nyingi za mazingira zilichelewa kulizingatia, nalo ni kwamba hauhami. Moshi hupeperushwa na upepo na mto uliotiwa taka huendelea kutiririka hadi baharini, lakini sumu ikishatua ardhini hukaa papo hapo, ikakanyagwa, ikafagiliwa, ikalimwa na kuchezewa na watoto kwa miaka mingi baada ya kiwanda kilichoimwaga kufungwa na wenyewe kuondoka. Ndiyo maana kukifunga kiwanda, ingawa ni hatua ya lazima, hakutoshi kupasafisha mahali kilipokuwa, na ndiyo maana swali la namna ya kuusafisha udongo linapaswa kueleweka na kila mtu anayeishi jirani na gereji, mgodi, dampo, ghala la viuatilifu au bomba la mafuta.

Mfano ulio wazi katika Afrika Mashariki ni Owino Uhuru, kitongoji chenye wakazi wapatao 3,000 karibu na Mikindani, katika Kaunti ya Mombasa. Kuanzia mwaka 2007 hadi 2014, kiwanda kilichopakana na nyumba za kitongoji hicho kiliyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata risasi, ile metali laini na nzito ya rangi ya kijivu ambayo hutengenezewa sahani za ndani ya betri. Moshi wa tanuri ulitua juu ya mabati na ndani ya nyumba, maji machafu yalitiririka katika vichochoro, na watoto wakaanza kuugua. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho na ambaye mwanawe mchanga alikutwa na risasi mwilini, aliongoza kampeni ya wakazi iliyompatia Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015.

Tarehe 16 Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na ikawataka walioshtakiwa, zikiwemo taasisi za serikali, wasafishe udongo na maji ya kitongoji na kuondoa taka za kiwanda katika muda wa miezi 4, la sivyo watoe shilingi milioni 700 kwa ajili ya kazi hiyo. Rufaa zilifuata, Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Katika miaka hiyo yote zaidi ya minne ya mabishano ya kisheria, mtoto aliyezaliwa kitongojini siku ya hukumu ya kwanza alikuwa amekwisha kutambaa, kutembea na kukimbia juu ya udongo uleule.

Njia za kuusafisha udongo wa namna hiyo zipo, nyingi zimejaribiwa, na baadhi yake hazihitaji mitambo ya ajabu. Hata hivyo hakuna njia moja inayofaa kila mahali, na njia inayosifiwa kwa sumu ya aina moja huweza kuwa upotevu mtupu wa fedha kwa sumu ya aina nyingine. Anayechagua njia bila kuijua sumu huishia kuihamisha hatari badala ya kuiondoa.

Chanzo, njia na mwili

Wataalamu wa ardhi iliyochafuliwa huipima hatari kwa kutazama mambo matatu kwa pamoja: chanzo cha sumu, njia inayopitia, na mwili unaoipokea. Sumu iliyofukiwa mita 3 chini ya sakafu ya zege, mahali pasipo na kisima wala maji ya chini yaliyo karibu, ina chanzo lakini haina njia ya kumfikia mtu, ilhali vumbi jepesi katika ua wenye watoto lina vyote vitatu. Usafishaji wowote, hata uwe wa gharama kubwa kiasi gani, hufanya kazi kwa kukikata kiungo kimojawapo katika mnyororo huo, ama kwa kuondoa chanzo, ama kwa kuziba njia, ama kwa kuwahamisha watu, na swali la kwanza la kuuliza kuhusu mradi wowote ni kiungo gani hasa unakusudia kukikata.

Kwa risasi, njia kuu ni mkono na kinywa. Mtoto wa miezi 10 anayetambaa uani hushika udongo kwa viganja, hunyonya vidole, huokota kijiti na kukitia kinywani, na vumbi lililonata kwenye mkeka, ndoo na chupa yake ya maziwa humfikia mara nyingi kwa siku. Utumbo wake hufyonza sehemu kubwa zaidi ya risasi anayoimeza kuliko utumbo wa mtu mzima, hasa chakula chake kikiwa na upungufu wa madini ya chuma na kalisi, na risasi hiyo huingia katika ubongo ambao ungali unajijenga, ikapunguza uwezo wa kujifunza, ikaleta upungufu wa damu, na kwa viwango vikubwa ikasababisha degedege na kifo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama, na mwongozo wake wa mwaka 2021 unataka chanzo kitafutwe na kuondolewa pindi damu inapofikia mikrogramu 5 kwa kila desilita. Utafiti uliolinganisha Owino Uhuru na Bangladesh, kitongoji kingine cha Mombasa, ulikuta wastani wa risasi katika damu ya watoto wa Owino Uhuru ukikaribia mara mbili ya ule wa wenzao, na risasi katika udongo ikizidi mara 10.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuchora ramani ya sumu, kabla tingatinga lolote halijawashwa. Eneo hugawanywa katika miraba, na katika kila mraba mpimaji huchota udongo wa sentimita chache za juu kutoka sehemu kadhaa, huuchanganya katika ndoo safi, huuanika ukauke, kisha huuchekecha ili zibaki zile chembe ndogo ambazo ndizo zinazonata mikononi. Udongo huo hupimwa kwa kifaa cha mkononi kinachotumia miali ya eksirei kutambua metali, ambacho hutoa jibu papo hapo, na baadhi ya sampuli hupelekwa maabara ili kuhakikisha kwamba kifaa hakikukosea. Vumbi la ndani ya nyumba, maji ya visima na udongo wa kina kirefu zaidi hupimwa pia, kwa kuwa ramani ya juu peke yake haionyeshi sumu imezama kiasi gani.

Matokeo huandikwa kwa miligramu za sumu katika kila kilo moja ya udongo, na hulinganishwa na kiwango ambacho nchi au mahakama imekubali kuwa ndicho lengo la usafishaji. Viwango hivyo hubadilika kadiri elimu inavyoongezeka: mwaka 2024 Shirika la Kuhifadhi Mazingira la Marekani lilishusha kiwango chake cha tahadhari cha risasi katika udongo wa makazi kutoka miligramu 400 hadi 200 kwa kilo. Huko Thiaroye-sur-Mer, nje kidogo ya Dakar nchini Senegal, ambako watoto 18 walifariki kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 baada ya wakazi kuchekecha mchanga uliojaa mabaki ya betri ili kuuza risasi iliyomo, vipimo vya nje ya nyumba vilifikia hadi miligramu 302,000 kwa kilo, maana yake karibu theluthi moja ya udongo uliochotwa ilikuwa risasi tupu. Udongo wa aina hiyo haushughulikiwi kwa njia ileile inayotumika kwa udongo wenye miligramu 300, na ramani ndiyo inayotenganisha kati ya huu na ule.

Metali haiozi

Tofauti iliyo muhimu kuliko zote ni kati ya sumu zinazoweza kuvunjwa na zisizoweza. Petroli, mafuta ghafi, DDT na dioksini ni misombo ya kikaboni, yaani vitu vilivyoundwa kwa kaboni iliyofungamana na elementi nyingine, na misombo hiyo ikivunjwa na joto, kemikali au bakteria hugeuka kuwa vitu vingine visivyodhuru au vyenye madhara madogo zaidi. Risasi, zebaki, kadimi na aseniki ni elementi zenyewe. Haziozi, haziungui zikaisha, na hakuna kijidudu kinachoweza kuzila zikatoweka. Anayeahidi kuiangamiza risasi iliyomo ardhini anaahidi jambo lisilowezekana; linalowezekana ni kuihamisha, kuifunika, kuifunga isisogee wala kufyonzwa, au kuitenganisha na udongo.

Kuchimba na kuhamisha ndiyo njia ya zamani zaidi na ya haraka zaidi. Udongo wenye sumu hukwanguliwa hadi kina ambacho vipimo vinaonyesha kuwa ni safi, hupakiwa katika malori yaliyofunikwa turubai, na nafasi yake hujazwa udongo uliopimwa na kuthibitishwa. Faida yake ni kwamba chanzo kinaondoka kabisa mahali pale, na familia zinaweza kurudi katika muda wa majuma. Ugumu wake ni wingi. Ekari moja ikikwanguliwa sentimita 20 tu hutoa takriban mita za ujazo 800 za udongo, uzito unaozidi tani 1,000, ambao unahitaji safari zaidi ya 100 za lori la tani 10 kuutoa na nyingine kama hizo kuleta udongo safi. Tena udongo huo ni lazima uwe na pa kwenda: dampo lililojengwa kitaalamu, lenye sakafu ya udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa na tabaka zito la plastiki juu yake, mifereji ya kukusanya maji yanayovuja, na visima vya kuchunguza kama sumu inapenya. Penye dampo la kawaida tu, kuchimba huwa ni kuwahamishia sumu majirani wengine.

Njia hiyo imethibitika hata katika mazingira magumu. Mwaka 2010, katika jimbo la Zamfara kaskazini-magharibi mwa Nigeria, shirika la Madaktari Wasio na Mipaka liligundua kwamba watoto walikuwa wakifa kwa wingi katika vijiji ambako mawe ya dhahabu yenye risasi yalisagwa majumbani. Watoto zaidi ya 400 walipoteza maisha. Wenyeji walifundishwa kazi, wakakwangua udongo wa juu uani kwa zana za mkono, wakaufukia katika mashimo yaliyochimbwa mbali na makazi, kisha wakatandaza udongo safi, ua kwa ua, kijiji baada ya kijiji, hadi zamu ya kijiji cha Bagega ilipofika mwaka 2013. Madaktari walishikilia utaratibu mmoja mkali: mtoto aliyeanzishiwa dawa za kuvuta risasi kutoka mwilini ilibidi arudi katika nyumba iliyokwisha kusafishwa, kwa sababu dawa anayopewa mtoto anayeendelea kula vumbi lilelile ni kutwanga maji kinuni. Utaratibu huo unathibitisha kwamba beleshi na toroli, vikitumiwa kwa kufuata vipimo, ni vifaa vya tiba sawa na sindano.

Kufunika na kufunga

Pale ambapo sumu imeenea kwa kiwango cha wastani katika eneo kubwa, kufunika huwa na maana zaidi kuliko kuchimba. Kitambaa kigumu cha plastiki chenye rangi inayoonekana hutandazwa juu ya udongo mchafu ili kumwonya yeyote atakayechimba baadaye, juu yake huwekwa udongo safi wa sentimita 30 au zaidi na nyasi za kuushika, au njia na viwanja hujengwa kwa zege na vitofali. Kufunika hukata njia ya sumu bila kugusa chanzo, na hapo ndipo penye udhaifu wake, kwa kuwa kifuniko kinahitaji kutunzwa maisha yote. Mvua za masika huchimba makorongo, fundi huchimba msingi wa nyumba au shimo la choo, kuku huparua, na sumu hurudi juu. Kifuniko kisicho na mwangalizi, bajeti na kumbukumbu ya maandishi katika ofisi ya ardhi ni ahadi ya muda tu.

Mji wa Kabwe nchini Zambia unaonyesha gharama ya kuacha chanzo wazi. Mgodi wake wa risasi na zinki ulifanya kazi kwa takriban miaka 90 hadi ulipofungwa mwaka 1994, na malundo ya taka zilizobaki huendelea kutoa vumbi linaloangukia mitaa ya Kasanda, Makululu na Chowa. Ua uliosafishwa upande wa chini wa upepo huchafuka tena, na fedha zilizotumika hapo hupotea. Kwa hiyo lundo hushughulikiwa kwanza, na ua hufuata.

Njia ya tatu ni kuifunga sumu ndani ya udongo wenyewe. Namna moja ni kuchanganya udongo na saruji ili ugeuke kuwa donge gumu lisilopitisha maji, jambo linalofaa kwa taka za kiwandani na chini ya barabara, lakini halifai kwa bustani. Namna nyingine ni ya kikemia: fosfati ikikutana na risasi katika unyevu huunda madini magumu yaitwayo piromofaiti, ambayo huyeyuka kwa shida mno, kiasi kwamba sehemu kubwa ya risasi hiyo ikimezwa hupita tumboni bila kufyonzwa. Mwaka 2011, katika mtaa wa South Prescott mjini Oakland, California, Shirika la Kuhifadhi Mazingira la Marekani lilianza kuchanganya unga wa mifupa ya samaki, ambayo ina fosfati kwa wingi, katika udongo wa nyua za nyumba zilizokuwa na risasi, kisha likaupandia nyasi. Gharama ilikuwa ndogo kuliko ya kuchimba na kuhamisha, na wakazi hawakuondolewa.

Hata hivyo njia hiyo haiwezi kuigwa kwa kukurupuka. Risasi haijaondoka bali imebadilishwa umbo, hivyo vipimo vya jumla vitaendelea kuonyesha kiasi kilekile na itabidi kupima kiasi kinachoweza kufyonzwa mwilini. Fosfati ikizidi huchukuliwa na mvua hadi mitoni na kuleta magugu ya maji, na huweza pia kuisukuma aseniki iliyokuwa imetulia katika udongo ianze kusogea kuelekea maji ya chini. Onyo hilo linahusu hasa mahali palipoyeyushwa betri, kwa sababu risasi ya betri mara nyingi huchanganywa na kiasi kidogo cha antimoni na aseniki, na asidi ya betri iliyomwagika huufanya udongo uwe mkali na kuiachia risasi isafiri kwa urahisi zaidi. Jaribio dogo katika sehemu ya eneo, likafuatiliwa kwa vipimo, ndilo linaloonyesha kama njia hiyo inafaa pale.

Udongo unaweza pia kuoshwa. Kwa kuwa sumu nyingi hung'ang'ania chembe ndogo za mfinyanzi kuliko mchanga na kokoto, mtambo huusukasuka udongo ndani ya maji, ukautenganisha kwa ukubwa wa chembe, na mchanga uliosafika ukarudishwa ardhini huku tope lenye sumu, ambalo ni sehemu ndogo ya mzigo wa awali, likipelekwa dampo. Njia hii huleta faida katika udongo wa kichanga na huwa haina maana katika udongo wa mfinyanzi, ambako karibu mzigo wote ungegeuka tope, na mahali popote inapotumika maji machafu yake ni lazima yasafishwe kabla ya kumwagwa.

Mimea: matumaini na mipaka yake

Kati ya njia zote, hakuna inayopendwa kusimuliwa kuliko ya mimea inayonyonya sumu. Kuna ukweli ndani yake. Mwaka 2001 watafiti walitangaza kwamba aina moja ya kangaga, Pteris vittata, hukusanya aseniki katika majani yake kwa kiwango kikubwa kuliko kilichomo ardhini. Haradali na alizeti zimejaribiwa pia kwa metali mbalimbali. Mimea hiyo huvunwa ikakaushwa na kutupwa kama taka za hatari, na mzunguko hurudiwa msimu baada ya msimu.

Kwa risasi, hata hivyo, matumaini hayo yana mpaka. Risasi hushikamana sana na udongo na kwa kawaida hupanda kidogo tu kutoka mizizini hadi majanini, hivyo udongo wenye maelfu ya miligramu ungehitaji miongo mingi ya mavuno. Zipo kemikali zinazoweza kuilegeza ili mmea uinyonye, lakini risasi iliyolegezwa huweza kuteremka kwenye maji ya chini kabla mzizi haujaifikia. Zaidi ya hayo, shamba la alizeti katikati ya makazi yenye njaa ni kishawishi, kwa kuwa mbegu huliwa na majani huvutia mbuzi.

Mahali ambapo mimea hutoa msaada wa kweli ni katika kuituliza sumu. Mjini Lubumbashi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako mtambo wa kuyeyusha shaba ulianza kazi mwaka 1911 na moshi wake ukaacha ardhi ya mtaa wa Penga Penga ikiwa na metali nyingi kiasi kwamba mimea mingi haikuweza kuota, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walijaribu kupanda nyasi za asili ziitwazo Microchloa kunthii, ambazo zimezoea vilima vya shaba vya Katanga, pamoja na miti iliyopandwa katika mashimo yaliyojazwa mbolea ya asili. Lengo lilikuwa kuifunika ardhi iliyo tupu, kulishika vumbi na kupunguza mmomonyoko, bila kuahidi kwamba shaba ingekwisha ardhini. Huo ni msimamo wa haki kwa sayansi na kwa wakazi, kwa maana mmea umepewa kazi unayoiweza.

Sumu zinazovunjika

Kwa mafuta na viuatilifu mambo hubadilika. Bakteria waliomo ardhini huweza kula mafuta wakipewa oksijeni, unyevu na virutubisho vya nitrojeni na fosforasi, na kwa sababu hiyo udongo uliomwagikiwa mafuta hutandazwa katika vitanda vyenye sakafu isiyovuja, ukatiwa mbolea na kugeuzwa mara kwa mara kama shamba. Njia hii ni nafuu na inafaa nchi za joto, lakini ina sharti moja, nalo ni kwamba hewa iwafikie bakteria. Mwaka 2011 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilichapisha tathmini ya Ogoniland, katika Delta ya Niger, likaonyesha kwamba katika maeneo mengi mafuta yalikuwa yamepenya hadi mita 5 au zaidi, wakati mbinu iliyokuwa ikitumika ilikuwa kugeuza udongo wa juu papo hapo na kuhesabu kazi imekwisha. Shirika hilo lilikadiria kwamba kuirejesha Ogoniland katika hali njema kungeweza kuchukua miaka 25 hadi 30.

Sumu sugu zaidi, kama vile dioksini, huhitaji joto. Katika uwanja wa ndege wa Da Nang nchini Vietnam, ambako jeshi la Marekani lilihifadhi dawa za kupukutisha majani wakati wa vita, takriban mita za ujazo 90,000 za udongo na matope zilirundikwa ndani ya boma la zege na kupashwa joto hadi nyuzi 335 za Selsiasi, mpaka dioksini ikavunjika. Kazi ilianza mwaka 2012, ikakamilika 2018, na iligharimu zaidi ya dola milioni 100. Ni ushindi wa kitaalamu, lakini ni wa bei ambayo halmashauri nyingi za Afrika haziwezi kuifikiria.

Tanzania ina somo lake katika shamba la Vikuge, wilayani Kibaha, ambako mwaka 1986 ililetwa kutoka Ugiriki shehena ya viuatilifu ambavyo baadhi yake vilikuwa vimepitwa na wakati. Akiba hiyo iliondolewa baadaye, lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulikuta sampuli za udongo wa mahali pa ghala la zamani zikiwa na viuatilifu kwa karibu asilimia 40, DDT ikiwa miongoni mwa vilivyoongoza, na maji ya karibu yakiwa yameathirika pia. Madumu yaliondolewa, sumu ikabaki. Kila mahali panapotangazwa kwamba pamesafishwa kwa sababu tu mapipa na mitambo vimeondolewa, habari za Vikuge zinastahili kukumbushwa.

Kuchagua, kulipa na kulinda

Kwa mahali kama Owino Uhuru, yote yaliyotangulia yanaelekeza kwenye mchanganyiko wa njia unaofuata mpangilio. Kwanza mabaki ya kiwanda, majivu ya tanuri na tope la mifereji yaondolewe au kufungwa, ili chanzo kisiendelee kutoa vumbi. Pili udongo wenye sumu kali, ambao kwa kawaida huwa karibu na ukuta wa kiwanda na katika mapito ya maji machafu, uchimbwe na kupelekwa penye dampo la kitaalamu. Tatu nyua zenye kiwango cha wastani zifunikwe kwa udongo safi na vichochoro vijengwe, na fosfati itumike pale tu ambapo jaribio limeonyesha usalama wake. Nne nyumba zenyewe zifutwe kwa maji kuanzia mabati na kenchi hadi sakafu, kwa kuwa huko Thiaroye-sur-Mer vumbi la ndani ya nyumba lilikutwa na hadi miligramu 14,000 kwa kilo, na ua safi hauna faida kwa mtoto anayelala juu ya vumbi la namna hiyo. Mwisho damu ya watoto ipimwe kabla na baada, maana kushuka kwa risasi katika damu ndicho kipimo cha kweli cha mafanikio, kuliko idadi ya malori yaliyopita.

Kuhusu malipo, sheria haiko kimya. Marekani ilitunga sheria yake ya kusafisha maeneo ya taka za hatari mwaka 1980, ikiweka mzigo kwanza kwa waliochafua. Sheria ya mazingira ya Kenya ya mwaka 1999 na ile ya Tanzania ya mwaka 2004 zinautambua msingi huohuo, kwamba mchafuzi hulipa, na Ibara ya 42 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Tatizo ni kwamba kampuni huweza kufilisika au kutoweka kabla hesabu haijafika, na ndipo gharama huiangukia serikali, au huwaangukia watoto. Dawa yake ni dhamana ya fedha inayowekwa kabla ya leseni kutolewa, kiasi cha kutosha kusafishia mahali pale mwenye kiwanda akikimbia, na ukaguzi unaoanza siku ya kwanza ya uzalishaji badala ya siku ya kwanza ya maziko.

Wakazi nao wana sehemu ambayo mtaalamu hawezi kuwafanyia. Wao ndio wanaojua taka zilimwagwa wapi, watoto hucheza wapi na maji hutuama wapi mvua inaponyesha, na mradi usiowauliza hukosea ramani. Wakati wakisubiri, kuosha mikono ya watoto kabla ya kula, kupiga deki badala ya kufagia makavu, kuacha viatu mlangoni na kutopanda mboga katika udongo unaoshukiwa hupunguza sumu inayoingia mwilini, ingawa hatua hizo haziwezi kamwe kuwa kisingizio cha kuahirisha usafishaji.

Kwa hiyo, jamii yoyote inayoambiwa kwamba ardhi yake itasafishwa na idai majibu ya maandishi kwa maswali haya: sumu ni ipi na iko kina gani, lengo la usafishaji ni miligramu ngapi kwa kilo, udongo utakaotolewa utapelekwa wapi, nani atakitunza kifuniko miaka 20 ijayo, na matokeo ya vipimo vya damu yatasomwa hadharani lini. Mradi usio na majibu hayo haujawa tayari, na serikali isiyoyadai kwa niaba ya wananchi wake haijatimiza wajibu wake. Njia za kusafisha zinajulikana na zimefanya kazi hata katika vijiji visivyo na umeme. Kilichobaki ni uamuzi wa kuzitumia mapema, kwa kuwa udongo unaweza kuchimbwa na kubadilishwa mwaka wowote, lakini madhara ambayo risasi imekwisha kuyafanya katika ubongo wa mtoto hayarudishwi na tiba yoyote.